Sema Umeumiaje: Somo Juu ya Jeraha la Kiuno na Maandishi ya Hospitali



Somo letu safari hii linahusu kiuno. Kila afanyaye kazi kandokando ya Ziwa Mweru anaijua taabu yake. Wapakiaji wa Kashikishi huinua makasha ya samaki na barafu na kuyapandisha kwenye malori. Wengine hubeba magunia ya dagaa wakavu, ambao wenyeji huwaita chisense. Wenzetu wa mashamba ya chai ya Kawambwa hubeba makapu mgongoni. Siku moja kiuno hukata ghafula, na mtu hushindwa kunyooka.

Maumivu hayo tunayajua. Ila wengi wetu hatujui kwamba haki ya mtu aliyeumia kazini huanza kujengwa, au kubomoka, katika maneno machache anayomwambia mganga.

Tuchukue mfano. Mpakiaji amefika zahanati akijikokota. Mganga anamwuliza, "Unaumwa nini, baba?" Naye anajibu, "Mgongo, dokta." Mganga anaandika: maumivu ya kiuno. Anampa vidonge, na mgonjwa anarudi nyumbani. Hakuna aliyesema uongo. Lakini katika maandishi yale hamna kasha, hamna lori, hamna kazi. Miezi miwili baadaye, akidai fidia, mwajiri atasema, "Huu ni ugonjwa wako wa nyumbani." Naye atakuwa na karatasi gani ya kumjibu?

Namba zinasema nini

Hospitali nyingi duniani hugeuza maneno ya mganga kuwa namba, kwa kufuata Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa inayotunzwa na Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi la orodha hiyo, lililokubaliwa mwaka 1990, maumivu ya kiuno yasiyoelezwa chanzo chake ni M54.5. Namba hiyo imo katika sura ya maradhi ya mifupa na misuli. Kiuno kilichoteguka au kuvutika kwa kuumia ni S33.5, nayo imo katika sura ya majeraha. 

Iko na namba ya tatu, X50. Hii hueleza chanzo: kutumia nguvu kupita kiasi, au kurudia mwendo ule ule mara nyingi. S33.5 ikifuatana na X50, msomaji anaelewa kwamba mtu huyu ameumia, na kwamba ameumia kwa kutumia nguvu. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, limebadili namba, lakini bado linatenga maumivu matupu na majeraha.

Mganga hawezi kuandika jeraha ambalo hakuambiwa. Karani naye hawezi kuweka namba ya chanzo ambacho mganga hakukiandika. Basi mnyororo wote unaanzia kinywani mwako.

Mambo ya kufanya

1. Mwarifu nyapara au mwajiri siku ile ile, mbele ya shahidi. Omba tukio liandikwe katika daftari la ajali. Wewe pia andika kwako tarehe, saa, mahali na majina ya waliokuwapo.

2. Kwa mganga sema mambo manne: lini, wapi, ulikuwa ukifanya nini, na ulisikia nini. Kwa mfano: "Jana saa nne asubuhi, pwani, nilikuwa nikipandisha kasha la samaki kwenye lori. Nilipojipinda nikasikia kiuno kimekata."

3. Sema kweli tupu. Kama maumivu yalikuja polepole kwa kazi ya miezi mingi, sema hivyo. Kama uliwahi kuumia zamani, usifiche. Uongo mmoja ukigunduliwa huharibu hata yaliyo kweli.

4. Mganga huandika kwa Kiingereza. Mwombe kwa adabu akusomee alichoandika. Kama kazi haikutajwa, mwombe aiongeze.

5. Tunza kila karatasi, pamoja na cheti cha mapumziko. Kila unaporudi hospitali, hakikisha tarehe ya kuumia ni ile ile.

6. Miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, ukishindwa kukojoa, au ukipoteza hisia sehemu za siri, nenda hospitali mara moja. Hapo afya yako yatangulia mbele ya karatasi.

Katika Zambia, madai ya fidia hupelekwa kwa Bodi ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yenye makao makuu Ndola, kwa mujibu wa sheria namba 10 ya mwaka 1999. Namba ya hospitali peke yake haiamui dai. Lakini dai lisilo na maandishi ya tangu mwanzo ni kama mtumbwi uliotoboka. Usikae na karatasi zako nyumbani. Mwone mapema katibu wa tawi lako.

Faida ya wote

Maandishi haya si ya mtu mmoja tu. Watu ishirini wakiumia kwa mizigo, na wote wakaandikwa "maumivu ya kiuno", mizigo haitaonekana katika hesabu yoyote, na mwajiri ataambiwa mambo ni shwari. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 127 juu ya uzito wa mizigo, pamoja na Pendekezo namba 128, linalotaka mzigo abebao mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Tukitaka kudai hayo mezani, tunahitaji hesabu ya walioumia. Hesabu hiyo hutoka katika daftari la ajali na daftari la hospitali.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Mahali petu pa kazi pana daftari la ajali? Liko kwa nani?
2. Mzigo tunaoubeba kila siku una kilo ngapi? Nani ameupima?
3. Mwenzetu wa mwisho aliyeumia kiuno alimwambia mganga nini?