SOMO LA WAWAKILISHI: KUZISOMA HESABU ZA MWAJIRI KWA KOMPYUTA



Kuanzia toleo hili tunafungua mfululizo wa masomo utakaokwenda sambamba na darasa la wawakilishi wa wafanyakazi hapa Kigali. Somo lenyewe ni matumizi ya programu za kompyuta zinazochambua takwimu za biashara: mishahara, mauzo, saa za kazi, gharama na faida. Ukurasa huu utawafaa wale watakaokaa darasani, na vile vile wenzetu ambao zamu za kazi hazitawaruhusu kuhudhuria. Tunaandika kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, ambayo wengi wetu tuliizoea Nyamirambo, Biryogo na stendi ya Nyabugogo miaka mingi kabla ya hapo.

1. KWA NINI SOMO HILI

Msomaji atauliza: chama cha wafanyakazi kinahusianaje na programu za wahasibu? Jibu ni fupi. Siku hizi mwajiri akija kwenye meza ya mazungumzo haji na daftari. Anakuja na jedwali lililotengenezwa na kompyuta, lenye rangi na michoro, naye husema, "Takwimu zinaonyesha." Mwakilishi asiyejua takwimu hizo zimepatikanaje hubaki na mambo mawili tu: kukubali, au kukataa bila hoja. Yote mawili yanawaumiza waliomtuma.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1980 kima cha chini cha mshahara kiliwekwa kuwa faranga 100 kwa siku, na kiwango hicho kilikaa kwenye vitabu kwa zaidi ya miaka 40, hata baada ya faranga 100 kutotosha kununua chakula cha mchana. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilisema kwamba kima cha chini kitawekwa kwa amri ya waziri. Mahali ambapo kiwango cha sheria kiko chini kiasi hicho, mshahara wa kweli huamuliwa katika mapatano kati ya mwajiri na wafanyakazi. Na katika mapatano, anayezijua hesabu ndiye anayesikilizwa.

2. PROGRAMU HIZI NI NINI

Chanzo chake ni karatasi ya mhasibu yenye mistari na safu. Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iliyoitwa VisiCalc, iliyoihamishia karatasi hiyo kwenye kompyuta. Uzuri wake ulikuwa huu: ukibadilisha namba moja, namba zote zinazoitegemea hubadilika zenyewe. Excel ilifuata mwaka 1985, nayo leo imo karibu katika kila ofisi ya mishahara. Mwaka 2015 kampuni ya Microsoft ikatoa Power BI, ambayo hukusanya majedwali kutoka sehemu nyingi, huyaunganisha, na kuyaonyesha kwa michoro katika ukurasa mmoja uitwao dashibodi. Asiye na fedha za kununua Excel anaweza kutumia Calc, iliyomo katika LibreOffice na isiyolipiwa.

Majina yasitutishe. Programu hizi zote zinafanya kazi tano tu: kupanga, kuchuja, kujumlisha, kulinganisha na kuchora. Kila mmoja wetu aliyewahi kuweka hesabu za kikundi cha akiba amekwisha kuzifanya kazi hizo kwa kalamu. Kompyuta huongeza kasi. Haiongezi ukweli. Ikipewa namba za uongo itazijumlisha kwa usahihi kabisa, na jumla yake itakuwa ya uongo vile vile.

3. WASTANI NA MSHAHARA WA KATIKATI

Tuchukue mfano wa kubuni. Karakana moja ina watu kumi. Mwaka jana sita walilipwa faranga 80,000 kwa mwezi kila mmoja, wawili walilipwa 120,000, msimamizi 300,000 na meneja 980,000. Jumla ni 2,000,000. Gawanya kwa kumi, wastani ni 200,000.

Mwaka huu msimamizi analipwa 340,000 na meneja 1,140,000. Wale wanane hawakuongezwa hata faranga moja. Jumla sasa ni 2,200,000 na wastani ni 220,000. Mwajiri anakuja mkutanoni na kusema, "Mshahara wa wastani katika karakana hii umepanda kwa asilimia 10." Je, amesema uongo? Hapana. Hesabu yake ni sahihi. Lakini watu wanane kati ya kumi hawajapata kitu.

Dawa yake ni mshahara wa katikati. Wapange watu wote kuanzia mwenye mshahara mdogo hadi mwenye mkubwa, kisha mtazame aliye katikati. Wakiwa kumi, chukua wa tano na wa sita, jumlisha, gawanya kwa mbili. Katika mfano wetu wa tano analipwa 80,000 na wa sita 80,000. Mshahara wa katikati mwaka jana ulikuwa 80,000, na mwaka huu ni 80,000. Katika Excel au Calc kazi hii inafanywa na fomula moja fupi, ambayo tutaifundisha siku ya pili ya darasa.

Basi kila utakaposikia neno "wastani," uliza maswali matatu: Ni wastani wa nani? Meneja yumo? Na wa katikati anapata ngapi?

Liko na swali la nne, nalo ni la bei. Taasisi ya Taifa ya Takwimu ya Rwanda hutangaza kila mwezi jinsi bei za vitu zilivyobadilika. Mwishoni mwa mwaka 2022 bei mijini zilikuwa zimepanda kupita asilimia 20 katika muda wa mwaka mmoja. Mshahara wa 80,000 usioongezwa, bei zikipanda kwa asilimia 20, unanunua kile kilichonunuliwa mwaka uliotangulia kwa 66,667. Kwa hiyo wale wanane hawakubaki pale walipokuwa. Walirudi nyuma.

4. FOMULA MOJA, MISHAHARA MIA MBILI

Jambo la pili la kujifunza ni namna kosa linavyoenea. Karani wa zamani aliyekosea hesabu kwa kalamu alimdhulumu mtu mmoja. Katika kompyuta fomula huandikwa katika kisanduku kimoja, kisha huvutwa chini hadi mwisho wa orodha. Ikiwa na kosa, wamedhulumiwa wote.

Tazama kodi ya mshahara. Kwa mujibu wa sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2022, viwango vya mwezi vilivyoanza kutumika Novemba 2023 ni hivi: faranga 60,000 za kwanza hazitozwi kodi, kutoka 60,001 hadi 100,000 ni asilimia 10, kutoka 100,001 hadi 200,000 ni asilimia 20, na inayozidi 200,000 ni asilimia 30. Kila kiwango hutoza sehemu yake tu ya mshahara, wala si mshahara wote.

Mfanyakazi anayelipwa 250,000 atatozwa hivi: kwa 60,000 za kwanza, sifuri, kwa 40,000 zinazofuata, 4,000, kwa 100,000 zinazofuata, 20,000, kwa 50,000 za mwisho, 15,000. Jumla ni 39,000. Sasa chukulia kwamba aliyeandika fomula amezidisha mshahara wote kwa asilimia 30. Atakata 75,000. Tofauti ni 36,000 kila mwezi, yaani 432,000 kwa mwaka, kwa mtu mmoja. Na kwa kuwa hati ya mshahara imechapishwa vizuri, wengi hawataiuliza.

Kadhalika michango. Januari 2025 mchango wa pensheni unaopelekwa RSSB ulipanda kutoka asilimia 6 hadi 12, nusu ikitoka kwa mfanyakazi na nusu kwa mwajiri. Viwango vinapobadilika ndipo fomula za zamani husahauliwa. Mwakilishi mwema huchukua hati chache za mshahara mwezi wa kwanza baada ya badiliko na kuzihakiki kwa mkono wake.

Msidhani makosa haya ni ya makarani wadogo peke yao. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri wa Marekani, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, waliandika kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na ukuaji wa wastani wa asilimia 0.1 chini ya sifuri. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani walilitaja andiko hilo walipotetea kupunguza matumizi ya serikali, na tunajua matumizi yakipunguzwa ni nani hupunguzwa kazini. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst aliliomba jedwali lenyewe la Excel. Akaona fomula ya wastani imeziacha nje nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Pamoja na walimu wake Michael Ash na Robert Pollin alirudia hesabu yote, wakirekebisha pia mambo mengine waliyoyapinga, wakapata ukuaji wa asilimia 2.2. Wachumi wale walikiri kosa la fomula, ingawa walishikilia kwamba hoja yao kubwa ilibaki. Funzo kwetu ni moja: mwanafunzi aliuliza jedwali, hakutosheka na jibu lililochapishwa.

5. MCHORO UNAWEZA KUSEMA ZAIDI YA NAMBA

Turudi kwenye karakana yetu. Wastani ulipanda kutoka 200,000 hadi 220,000. Ukichora nguzo mbili zinazoanzia sifuri, ya pili itaizidi ya kwanza kidogo tu. Lakini ukianzisha mchoro kwenye 190,000, nguzo ya kwanza itakuwa na urefu wa 10,000 na ya pili 30,000. Jicho litaona ongezeko la mara tatu! Namba hazikuguswa. Kwa hiyo kabla ya kuutazama mchoro, tazama kwanza namba iliyo chini kabisa ya mstari wa pembeni.

6. SIRI ZA WENZETU

Hapana budi kutoa onyo. Mshahara wa mtu, namba yake ya kitambulisho na habari za ugonjwa wake ni mali yake. Rwanda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi iliyotolewa Oktoba 2021, nayo inamhusu mwajiri na inatuhusu sisi pia. Asije mtu darasani na orodha ya mishahara yenye majina. Futa majina, weka namba: mfanyakazi wa 1, wa 2, wa 3. Wala asichukue faili la kazini bila ruhusa. Hati yako mwenyewe ya mshahara ni yako, na hati alizokupa mwenzako kwa hiari zinatosha kuanzia.

Sheria hiyo hiyo inatupa haki ya kuuliza. Mwajiri akiweka dashibodi inayopima kasi ya kila mfanyakazi, tuna haki ya kujua ni taarifa gani zinazokusanywa na kwa madhumuni gani.

7. MPANGO WA DARASA

Darasa litakuwa la Jumamosi tano asubuhi, isipokuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya umuganda. Masomo yatafuatana hivi:

Siku ya kwanza: jedwali, mistari, safu na visanduku, kuingiza orodha bila makosa.
Siku ya pili: kupanga na kuchuja, wastani na mshahara wa katikati.
Siku ya tatu: fomula za kodi na michango, kuhakiki hati ya mshahara.
Siku ya nne: jedwali la muhtasari, yaani kukusanya mamia ya mistari kwa idara, kwa jinsia na kwa aina ya mkataba.
Siku ya tano: michoro na Power BI, kutengeneza ukurasa mmoja wa kupeleka kwenye mazungumzo.

Hakuna sharti la cheti. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ataweza. Watu wawili watatumia kompyuta moja, nasi tunaliona hilo kuwa jema, kwa sababu mmoja akiandika mwenzake anahakiki. Tunawaomba matawi yawatume kina mama pia, hasa wasafishaji na wafanyakazi wa viwanda vya Masoro, kwa kuwa mishahara yao ndiyo inayopotea zaidi ndani ya wastani.

MAZOEZI

Fanyeni kwa kalamu kwanza, kisha kwa kompyuta mkiweza. Majibu yatatolewa katika toleo lijalo.

1. Wafanyakazi saba wanalipwa 70,000, 70,000, 75,000, 90,000, 110,000, 145,000 na 840,000. Tafuta wastani. Tafuta mshahara wa katikati. Ni wangapi wanaolipwa chini ya wastani?

2. Kwa viwango vilivyotajwa hapo juu, mfanyakazi wa mshahara wa 180,000 atatozwa kodi kiasi gani?

3. Mwajiri anaonyesha mchoro kwamba idara ya upakiaji "imeshuka kwa asilimia 15" katika mwezi mmoja. Andika maswali manne utakayomwuliza kabla ya kujibu lolote. Jadilianeni tawini, na mtuletee maswali yenu.