Luteni Uhura Yuko Wapi? Somo Juu ya Kujadili Mwisho wa Hadithi

Muhula uliopita bweni letu liliingia katika mabishano makubwa, na aliyeyaanzisha ni mimi. Nayaeleza hapa si kwa kujisifu, bali kwa kuwa ndani yake mna somo litakalotufaa sote, hasa sisi wa kidato cha nne tunaoukaribia mtihani.

Wakati wa likizo nilikuwa nyumbani Handeni. Mjomba wangu ana kompyuta ambayo ndani yake amehifadhi mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek. Kila jioni, umeme ulipokuwapo, tulikaa pamoja tukatazama kipindi kimoja au viwili, naye akinifasiria niliposhindwa, mpaka tukafika kipindi cha mwisho. Niliporudi shuleni hapa Korogwe wenzangu waliniomba niwasimulie baada ya masomo ya usiku, nami nikasimulia kwa bashasha. Nilipomaliza nilisema, "Na yule Luteni Uhura wamemwondoa." Neno hilo moja ndilo lililotuvurugia usiku.

Kwanza yafaa niueleze mchezo wenyewe kwa ajili ya wasioujua. Kipindi cha kwanza kilionyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, na cha mwisho tarehe 3 Juni 1969. Jumla yake ni vipindi 79. Wakati ule mtu wa Handeni au Korogwe hakuweza kuvitazama nyumbani kwake, kwa maana televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na huku Bara mwaka 1994. Hadithi ni ya wakati ujao, karne kadhaa mbele yetu. Watu wa mataifa mbalimbali wasafiri baina ya nyota ndani ya chombo kiitwacho Enterprise. Nahodha wao ni Kirk. Msaidizi wake ni Spock, ambaye mamaye ni mwanadamu na babaye ni mtu wa sayari nyingine. Anayeshika kazi ya mawasiliano ni Luteni Uhura, mwanamke wa Afrika.

Jina lake latuhusu. Mtungaji wa mchezo, Gene Roddenberry, alilichukua neno letu "uhuru" akaibadili irabu ya mwisho. Tena katika kipindi kimoja cha mwaka 1967, Uhura anapofutiwa kumbukumbu zake zote na kuanza kufundishwa upya kusoma, Kiingereza kinapomshinda Kiswahili chamtoka kinywani. Mjomba na mimi tulicheka kwa furaha, maana sauti ile ilitoka mbali ikafika Handeni.

Sasa, kipindi cha mwisho. Yuko mwanamke aitwaye Daktari Janice Lester ambaye tangu ujana wake alitamani kuwa nahodha. Kwa mtambo wa kale alioupata katika sayari ngeni, ahamisha nafsi yake katika mwili wa Kirk, na nafsi ya Kirk yaingia katika mwili wake. Chombo chaendeshwa na nahodha asiye nahodha. Spock autambua ukweli, asimama upande wa haki, naye ashitakiwa kwa uasi. Mwishowe nafsi zarudi mahali pake. Lester apoteza akili, naye achukuliwa na mtu ampendaye aende kutunzwa. Hapo mchezo wakoma. Hakuna kuagana, hakuna kurudi nyumbani. Na katika kipindi hicho chote Uhura haonekani hata mara moja. Mahali pake amekaa mwanamke mwingine.

Bweni liligawanyika. Wengine walisema Uhura amekufa, wengine amefukuzwa kazi, wengine amepanda cheo. Mmoja alisema kwamba watu wazima hawagombanii watu wasiokuwapo duniani. Hata huyo aligombana mpaka taa zilipozimwa. Marafiki wawili wa kitanda cha juu na cha chini walilala bila kuagana. Lakini lililonichoma ni jingine. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye afanya vizuri sana katika hesabu, aliniambia asubuhi tukichota maji: "Dada, nimefikiri. Kama hata katika hadithi ya kubuni wametuondoa mwishoni, basi mimi Fizikia nitaiacha nikifika kidato cha tatu." Sikuwa na jibu. Nilikwenda kwa mwalimu wetu wa Kiswahili nikamweleza yote.

Mwalimu hakucheka. Katika kipindi chetu alichora ubaoni safu tatu. Ya kwanza aliiandika "Lililoonyeshwa", ya pili "Linalokisiwa", na ya tatu "Linalotamaniwa". Kisha alinipa chaki, akasema, "Haya, binti, mweke Uhura wako mahali pake."

Nilianza na safu ya kwanza. Lililoonyeshwa ni nini? Ni kwamba Uhura hayumo katika kipindi kimoja. Basi. Hapana kifo, hapana barua ya kufukuzwa, hapana mtu anayetaja kuondoka kwake. Hapo niliona aibu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema "wamemwondoa". Macho yangu yaliona "hayumo", ulimi wangu ukasema "wamemwondoa". Baina ya maneno hayo mawili pana shimo kubwa, nami niliwatumbukiza humo wenzangu ambao hawakuwa na macho mengine ila yangu. Fikirini wenyewe: mwanafunzi asipoitika jina siku moja, je, daftari laandika kwamba amefukuzwa shule?

Safu ya pili ni ya makisio. Kukisia si kosa, maadamu kisio lasimama juu ya ushahidi. Twajua kwamba Uhura alionekana katika vipindi vingi vya miaka yote mitatu. Twajua kwamba mwaka 1979 ilitoka filamu ya kwanza ya sinema yenye watu wale wale, naye yumo kazini kwake. Yumo tena katika filamu zilizofuata mpaka mwaka 1991. Kwa hiyo kisio lenye nguvu ni kwamba siku ile alikuwa mahali pengine tu. Kusema alikufa ni kisio lisilo na mguu hata mmoja.

Mwenzangu mmoja alinyosha mkono akauliza: "Je, ni halali kutumia filamu ya mwaka 1979 kuamua jambo la mwaka 1969?" Mwalimu alisema swali hilo ni zuri kuliko majibu yetu yote. Tukakubaliana hivi: ikiwa twauliza maisha ya Uhura yalikwendaje, kazi za baadaye ni ushahidi. Lakini ikiwa twauliza kipindi kile kilisema nini kwa mtu aliyekitazama usiku ule, kazi za baadaye haziwezi kukisemea.

Ugumu wa kanuni hiyo waonekana katika jambo la pili lililotugombanisha. Katika kipindi hicho hicho, Lester amlalamikia Kirk kwamba ulimwengu wa manahodha hauwapokei wanawake. Kirk hapingi, akiri kwamba si haki. Watazamaji wa mchezo huu wamelijadili neno hilo miaka mingi. Upande mmoja wasema ni sheria: wanawake walikatazwa unahodha. Upande wa pili wasema ni uchungu wa Lester tu, kwamba maisha ya Kirk hayakuwa na nafasi ya mke, naye amechanganya mambo kwa kuwa akili imemruka. Pande zote mbili zatumia maneno yale yale.

Kazi za baadaye zimejibu kwa vitendo. Filamu ya mwaka 1986 yaonyesha mwanamke mweusi akiwa nahodha wa chombo kingine. Mwaka 1995 ulianza mchezo mzima ambao nahodha wake ni mwanamke, Kathryn Janeway. Tena mwaka 2004, katika mchezo mwingine unaosimulia zama zilizotangulia zama za Kirk, waliweka nahodha mwanamke, Erika Hernandez. Je, hayo yafuta neno la mwaka 1969? Mimi nasema hapana. Yaonyesha kwamba waandishi waliofuata waliliona doa wakalifua. Kufua nguo si kusema haikuchafuka.

Imebaki safu ya tatu, ya matamanio. Nilitaka kuidharau, lakini mwalimu alinizuia. Alitukumbusha kwamba matamanio ya wasomaji yana nguvu. Mwingereza Arthur Conan Doyle alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes katika hadithi ya mwaka 1893. Wasomaji walinung'unika sana, na mwaka 1903 alimrudisha akiwa hai. Spock naye alikufa katika filamu ya mwaka 1982, akafufuliwa katika ile ya mwaka 1984. Kutamani si ushahidi wa lililotokea, lakini huonyesha tunalolithamini, na pengine huwa chanzo cha kazi.

Bibi Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alisimulia kwamba baada ya mwaka wa kwanza alitaka kuacha mchezo ule. Martin Luther King alimsihi abaki, kwa sababu watu weusi walipaswa kujiona katika wakati ujao. Alibaki. Mwaka 1977 alifanya kazi na shirika la anga la Marekani, NASA, kuwaita wanawake na watu weusi waombe kazi ya urubani wa anga. Kundi la mwaka 1978 lilikuwa na watu 35, na sita kati yao walikuwa wanawake, wa kwanza kuchaguliwa na shirika hilo. Mmoja wao, Sally Ride, aliruka mwaka 1983. Mwaka 1992 aliruka Mae Jemison, mwanamke mweusi wa kwanza kufika anga za juu, ambaye amesema kwamba Uhura alimtia moyo utotoni. Nichols alifariki mwaka 2022.

Na liko jambo la karibu zaidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, pwani ile ile tunayoshiriki na jirani zetu wa Kenya, kilirushwa chombo cha kwanza kilichotengenezwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake wa mwaka 1963, na chombo kikapewa jina la Uhuru. Aliyesimamia mradi huo, tena ndiye aliyechagua jina, alikuwa mwanamke, Bibi Marjorie Townsend. Haya si ya hadithi. Haya ni ya safu ya kwanza.

Jioni ile nilimtafuta yule wa kidato cha pili. Nilimwambia, "Nilikudanganya bila kukusudia. Hawakumwondoa, hakuwapo siku moja tu." Kisha nikamsimulia habari za Malindi. Alinyamaza kidogo, akauliza: "Dada, miali ya eksirei ni kitu gani?" Nilimjibu kwamba hilo limo katika Fizikia. Hajaniambia ameamua nini, nami sitaliandika hapa kana kwamba najua; hilo lingekuwa kosa lile lile la kwanza.

Ndugu wasomaji, msimuliaji ameshika macho ya wasioona. Asiongeze, asipunguze. Na mwenye kujadili aseme wazi asimamapo katika safu ipi, ndipo marafiki wataweza kubishana na bado waagane kabla ya kulala.

Mazoezi

1. Chagua hadithi moja uliyosimuliwa na bibi au babu ambayo mwisho wake haukukuridhisha. Panga maoni yako katika safu tatu.
2. "Lester alisema kweli juu ya manahodha." Toa hoja mbili za kukubali na mbili za kukataa, ukitumia kipindi cha mwaka 1969 peke yake.
3. Eleza tofauti iliyopo kati ya "hayumo" na "ameondolewa", kwa mfano wa maisha ya shule.