Vifaranga wanakoroma usiku

Swali: Nilinunua vifaranga kutoka Thika. Tangu wafike hapa Wajir wanapiga chafya, na usiku wanakoroma. Niwape dawa gani?

Jibu: Usikimbilie dawa, dada. Kwanza watenge na kuku wako wa zamani. Kisha inama mpaka uso wako ufike walipo: macho yakikuwasha, hewa hiyo inawaumiza. Ondoa maranda yaliyolowa, na jiko linalofuka moshi ulibadilishe, ila joto lisipungue. Safari ndefu na vumbi vimewachosha. Wape maji safi muda wote. Na kama ni ugonjwa wa kideri, antibiotiki haiui virusi vyake. Wakihema midomo wazi, shingo zikipinda, au wakianza kufa, mfunge aliyekufa karibuni kwenye mfuko, umpeleke kwa daktari wa mifugo apasuliwe. Chanjo ya kideri ni ya walio wazima tu.