Kutunza Programu Iliyoandikwa na Mwingine



Wengi mmeniuliza kwa nini baadhi ya ripoti za muhula uliopita zilirudishwa zikaandikwa upya. Kosa lilikuwa langu, nami naona ni vema nilieleze hapa, maana ndani yake mna somo.

Alama zetu hupigiwa hesabu na programu ndogo iliyoungwa katika Emacs. Emacs ni programu huria ya kuhariri maandishi, yaani kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuwapa wengine. Richard Stallman alitoa GNU Emacs mwaka 1985, na sehemu kubwa yake imeandikwa kwa lugha ya Lisp, ambayo asili yake ilibuniwa na John McCarthy huko Marekani mwaka 1958. Katika Lisp kila agizo hutiwa ndani ya mabano, na tendo hutangulia. Tukitaka kujumlisha 2 na 3 twaandika:

(+ 2 3)

Programu yetu iliandikwa zamani na mwalimu aliyekwisha kuhama. Toleo la 30 la Emacs, la mwaka 2025, lilianza kutoa onyo faili lisipotaja katika mstari wa kwanza kwamba lafuata kanuni gani ya majina. Kanuni ni mbili. Kwa ile ya zamani, jina likipewa thamani ya muda kwa neno «let», kila amri itakayoitwa wakati huo huiona thamani hiyo. Kwa ile mpya, iliyoingia katika toleo la 24 mwaka 2012, thamani huonekana ndani ya mabano yale yale tu. Ya kwanza ni kama tangazo lililopigiwa mbiu shule nzima. Ya pili ni kama tangazo lililoandikwa katika ubao wa darasa moja.

Nilipoona onyo niliandika mstari wa kanuni mpya, nikaiendesha programu. Haikulalamika, nami nikaridhika.

Siku ya ripoti, mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili alinijia. «Shikamoo, mwalimu. Katika Jiografia nilipata 40 katika 50. Mbona ripoti yasema asilimia 40?» Nikapiga hesabu kwa penseli, nikapata 80. Mtoto alisema kweli.

Basi nikaifungua programu, na safari hii nikaisoma yote. Juu kabisa paliandikwa:

(setq upeo 100)

Chini yake ilikuwapo amri ya «asilimia», inayozidisha alama kwa 100 na kugawanya kwa upeo. Kwa mitihani ya alama 50, mwalimu yule aliandika hivi:

(let ((upeo 50)) (asilimia 40))

Kwa kanuni ya zamani jibu ni 80. Kwa kanuni mpya, ile 50 ilibaki ndani ya mabano yake, na amri iliyoandikwa mahali pengine ikatumia 100. Mashine haikuona kosa lolote. Ilitoa tu jibu la uongo.

Dawa yake ilikuwa kuweka «defvar» mahali pa «setq». Jina lililotangazwa hivyo huonekana na amri zote hata chini ya kanuni mpya. Tena nililiita «alama-upeo», kwa kuwa katika Emacs programu zote hutumia daftari moja la majina, na jina fupi laweza kugongana na la mwingine.

Basi mwenye kurithi programu na ashike haya:

1. Asome yote kabla ya kubadili.
2. Aandike jaribio lenye jibu linalojulikana. Kwa mfano, 40 katika 50 sharti iwe 80. Emacs inacho chombo cha kazi hiyo, kiitwacho ERT.
3. Aipitishe kwa kompaila, chombo kinachokagua programu kikiigeuza iende upesi. Kingeniambia kwamba «upeo» ya ndani ya «let» haitumiki.
4. Abadili jambo moja, ajaribu, ndipo aendelee na la pili.

Programu iliyonyamaza si lazima iwe imesema kweli. Yule mtoto alitazama karatasi yake kuliko nilivyotazama kazi yangu, nami namshukuru.

Zoezi: Mwanafunzi amepata 18 katika 25. Programu ikitumia upeo wa 100, ripoti itasema asilimia ngapi? Je, haki yake ni ngapi?