Duka halifi kwa kukosa mtaji pekee



Wiki chache zilizopita, baada ya darsa ya Magharibi katika msikiti mmoja hapa mjini Babati, mzee mmoja mwenye duka la rejareja alinisubiri penye viatu mpaka watu wote wakatawanyika. Alipoona tumebaki wawili akaniambia kwa sauti ya chini: "Ustadh, naomba uje unisomee dukani. Duka langu limefungwa."

Nikamuuliza limefungwaje, na mimi jana tu nimepita nikaliona li wazi. Akasema halikufungwa kwa kufuli, limefungwa na watu. Tangu kijana mmoja afungue duka hatua thelathini kutoka kwake, mauzo yameshuka, rafu zinazidi kuwa tupu, na kila anachokipata hakikai mkononi.

Mimi sikanushi kuwapo kwa husda. Surat al-Falaq imetufundisha kujikinga kwa Allah (s.w.) na shari ya hasidi, na Muislamu hawezi kulipuuza hilo. Lakini nilimjibu: "Mzee wangu, nitakuja na dua tutaomba. Ila kabla sijasoma chochote, nitaomba unionyeshe daftari." Akacheka. "Daftari gani tena, Ustadh?"

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Sisemi haya kwa kujiona mjuzi. Mimi mwenyewe nimewahi kuua duka. Nilipomaliza chuo kikuu ajira ilichelewa, na mwaka 2016 nikafungua duka pembeni mwa mji kwa mtaji wa sh. 2,500,000, nusu akiba yangu na nusu fedha za ndugu walioniamini. Wateja wangu wengi walikuwa wakulima, na hapa sina budi kuwaeleza wasomaji wa Dar es Salaam na kwingineko kitu kimoja kuhusu mkoa wetu.

Mkulima wa Babati hulima mahindi na mbaazi katika shamba moja. Mahindi ni ya chakula na ya kuuza yakizidi. Mbaazi ni fedha. Huchelewa kukomaa, huvunwa mahindi yakiwa yamekwisha kutoka shambani, na sehemu kubwa huishia India. Miaka ya katikati ya 2010 bei ilikuwa nzuri mno. Watu wakaezeka mabati, wakanunua pikipiki, wakalipa ada za watoto. Sisi wenye maduka tukazoea kukopesha sukari, sabuni, mafuta ya kula na mbolea kuanzia mwanzoni mwa mwaka kwa ahadi moja tu: "Tutalipana kwenye mbaazi."

Mwezi Agosti 2017 Serikali ya India ikaweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwao, tani 200,000 kwa mwaka. Walikuwa wamevuna nyingi wenyewe na walitaka kuwalinda wakulima wao. Amri ikatoka New Delhi, kishindo kikasikika Magugu, Galapo na Bonga. Bei ikaporomoka hadi shilingi mia chache kwa kilo, na wapo waliosema gharama ya kuvuna inazidi bei ya kuuza. Daftari langu la madeni siku hiyo lilikuwa na majina 41 na jumla ya sh. 1,870,000. Februari 2018 nikarudisha funguo kwa mwenye nyumba.

Kwa muda mrefu nilikuwa nikisimulia kwamba India ndiyo iliyoua duka langu. Ilikuwa hadithi nzuri, kwani hainigusi mimi. Lakini tujiulize: mtu aliyetoa robo tatu ya mtaji wake kwa watu arobaini na mmoja, wote wakisubiri zao moja, na zao hilo likisubiri mnunuzi mmoja, huyo ana duka kweli? Laa! Huyo alikuwa analima mbaazi bila jembe. Na baya zaidi, katika majina yale 41, kumi na mawili sikuandika tarehe, na matano sikuandika hata kiasi. Nilikuwa nimeandika "Mama Asha, sukari na vingine."

Vingine! Mimi niliyekuwa nasomesha Qur'an watoto wa jirani kila jioni, na aya ndefu kuliko zote katika Qur'an nzima ni ya kuandika deni (2:282). Tuitafakari aya hiyo kwa jicho la mwenye duka. Inaamrisha deni la muda maalumu liandikwe. Inataka mwandishi awe mwadilifu, wawepo mashahidi, na anayedaiwa ndiye aseme kiasi anachodaiwa. Inatahadharisha tusichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Kisha inabagua: biashara ya papo kwa papo, mkono kwa mkono, si lazima kuiandika. Yaani Mola wetu ametufundisha tofauti ya mauzo taslimu na mauzo ya mkopo zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, nasi tunaandika "na vingine".

Wapo watakaosema kuandika deni mbele ya mteja ni kumvunjia heshima. Mimi naona kinyume chake. Deni lisiloandikwa ndilo linalovunja udugu, kwa sababu miezi sita baadaye wewe utakumbuka elfu thelathini, yeye atakumbuka elfu ishirini, na wote wawili mtakuwa wakweli kwa kadiri ya kumbukumbu zenu. Aya ya kabla yake kidogo (2:280) inataka mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini huwezi kusamehe kiasi usichokijua. Nilipofunga duka nilitaka kuwasamehe baadhi, nikajikuta sijui nasamehe nini.

Sasa tuje kwenye fikra yenyewe, kwani daftari ni karatasi tu. Walipohamia Madina, Mtume (s.a.w.) aliwaunganisha udugu Abdurrahman bin Auf wa Makka na Saad bin Rabii wa Madina. Saad, aliyekuwa tajiri, akajitolea kumgawia nduguye nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali na watu wake, kisha akaomba jambo moja tu: aonyeshwe soko. Akaonyeshwa soko la Banu Qaynuqaa, akaenda, na siku ile akarudi na jibini kavu na samli. Hazikupita siku nyingi akaonekana na alama ya manukato ya harusi, amekwishaoa na kutoa mahari ya dhahabu. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari na wengi wetu tunakijua.

Tunachokisahau ni ile jibini. Huyu alikuwa mfanyabiashara mzoefu wa Makka, mji wa misafara ya Sham na Yemen. Hakuona aibu kuanza na samli. Hakusema asubiri mtaji wa kufanana na hadhi yake. Na alipoomba aonyeshwe soko, alitaka kujua nini kinauzwa, nani ananunua na kwa bei gani, katika mji asioujua. Leo kijana wa Kiislamu akipata milioni tatu, ya kwanza anapaka rangi fremu, ya pili ananunua rafu za kioo, na bidhaa anapanga kama za jirani. Soko hajaonyeshwa na mtu, wala hakuuliza.

Wazee wetu walikuwa na subira ya namna nyingine. Hapa Babati wamo wazee wa Kirangi waliotoka upande wa Kondoa, ambao maduka yao yamepita katika mitihani ambayo sisi tunaisoma vitabuni. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakaamriwa kufungwa ili yachukuliwe nafasi na maduka ya ujamaa. Mwaka 1983, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na mwenye duka aliyekutwa na katoni za sabuni stoo alikuwa na maswali mazito ya kujibu. Mwaka uliofuata masharti yakaanza kulegezwa, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Aliyevuka miaka ile bila kuukata uhusiano wake na watu, huyo ndiye aliyefungua tena. (Ningependa siku moja vijana wetu wawarekodi wazee hawa kabla hawajatutoka.)

Mitihani ya leo haina mgambo, lakini ipo. Barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na ile ya kwenda Arusha ilikuwa imekwishatiwa lami. Ni neema kubwa. Lakini barabara inayomleta mteja wa Kondoa kwako ndiyo hiyo hiyo inayompeleka mteja wako Arusha asubuhi na kumrudisha jioni na mzigo. Bei yako ya jumla anaijua, kwa kuwa simu anayo mkononi. Kulalamika kwamba watu wa siku hizi hawana uaminifu kwa duka hakusaidii. Swali ni hili: mtu wa mtaa wako ana haja gani saa 12 alfajiri na saa 3 usiku, ambayo Arusha haiwezi kuitimiza? Wenye kujibu swali hilo bado wanauza.

Na upo mtihani usio na mjadala. Desemba 3, 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na Gendabi. Walifariki watu zaidi ya 80, Allah awarehemu. Maduka ya Katesh yalijaa tope, na mali ya miaka mingi ikaondoka asubuhi moja. Hapa Babati nasi tunaishi kando ya ziwa ambalo liliwahi kufurika mpaka mjini mwaka 1990. Mtume (s.a.w.), kama alivyopokea Tirmidhi, alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza ndipo ategemee. Kwa mwenye duka, kamba ya ngamia ni ile akiba isiyokaa dukani. Ikiwa kila shilingi uliyonayo imo ndani ya chumba kimoja chenye mlango mmoja, hujategemea, umecheza kamari na mvua.

Kuhusu mikopo ile inayoitwa kausha damu sitasema mengi. Riba ni haramu, na hukumu yake haikungoja mtu aumie ndipo ithibiti. Walioumia mnawajua, ni jirani zenu. Nitaongeza tu kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akikithirisha kujikinga na madeni katika sala yake, na alipoulizwa sababu akaeleza kuwa mtu akielemewa na deni huzungumza akadanganya na huahidi akavunja. Msikilize mwenye duka anayeongea na simu ya mkopeshaji mbele ya wateja wake, utaifahamu hadithi hiyo bila sherehe.

Nirudi kwa mzee wangu. Nilikwenda siku ya Alhamisi baada ya Isha. Tuliomba dua, kisha tukaketi juu ya magunia na karatasi. Alikuwa akiuza wastani wa sh. 120,000 kwa siku, na faida yake, bidhaa kwa bidhaa, ilikaribia shilingi 12 kwa kila mia. Ni kama sh. 14,400 kwa siku, sh. 432,000 kwa mwezi. Kodi ya fremu 60,000, umeme 15,000, kijana wa kumsaidia 80,000. Zinabaki 277,000. Nikamuuliza nyumbani panatoka nini kila siku. Akafikiri. Unga, sukari, mafuta, vocha, nauli za watoto, na "kidogo" kutoka kwenye droo. Tukajumlisha, ikawa sh. 12,000 kwa siku, yaani 360,000 kwa mwezi.

Tukanyamaza wote wawili. Duka lilikuwa likipungua sh. 83,000 kila mwezi, karibu milioni moja kwa mwaka, na hapo hatujagusa madeni ya mtaani. Akasema taratibu: "Kwa hiyo aliyelifunga ni mimi." Nikamwambia kila mwenye duka hapa mjini ana ugonjwa huo kwa kiasi fulani, na mimi niliugua kabla yake.

Kijana wa hatua thelathini naye tulimzungumza. Nilimuuliza mzee kwa nini wateja wamehamia kule, akasema hajui. Mkewe, aliyekuwa akitusikiliza kutoka mlango wa nyuma, ndiye aliyejibu: "Mzani wetu, Ustadh. Watu wanasema kilo yetu haifiki." Mzee akaapa kuwa hapunji, na mimi namwamini. Mzani ulikuwa mkongwe, sahani moja imepinda, na hakuwa ameupeleka kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kwa muda mrefu. Lakini mteja haoni nia yako, anaona mshale. Surat al-Mutaffifin imeanza kwa kuwatishia maangamizo wanaopunja vipimo, na mwenye kuiogopa sura hiyo hawezi kuuacha mzani wake uwe na shaka hata kama moyo wake ni safi.

Jumatatu iliyofuata aliupeleka mzani. Amenunua madaftari mawili, moja la madeni na moja la vitu vinavyokwenda nyumbani, na hili la pili analiandika mkewe. Amejiwekea sh. 8,000 kwa siku, na akizidisha anaandika kama mteja mwingine yeyote, kwa jina lake na tarehe. Jana nimepita nikalitazama. Ukurasa wa kwanza anadaiwa sh. 6,500.