SOMO LETU: MSAADA UKISIMAMA, KODI HAISIMAMI

Msaada wa kodi unaweza kupungua bila hata senti moja kukatwa. Vipi? Tutazame Uingereza, ambako serikali huwasaidia wapangaji wenye kipato kidogo wanaokodi nyumba za watu binafsi.

Mwaka 2008 kiwango cha msaada kilifuata kodi ya katikati ya kila eneo: kilitosha nusu ya nyumba. Mwaka 2011 kikashushwa; katika nyumba 10, kikatosha 3 tu za bei ya chini. Kuanzia 2016 hadi 2020 kilisimamishwa palepale, lakini kodi zikazidi kupanda. Kilirekebishwa 2020 na tena 2024, na kila mara kikasimamishwa baadaye. Pengo hilo mpangaji hulijaza mwenyewe, hata kwa pesa ya unga.

Sisi Kenya hatuna msaada kama huo. Lakini sheria yetu ya kudhibiti kodi, Sura 296, humlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Hesabu hiyo nayo imesimama miaka mingi.

Maswali ya kikundi:
1. Mtaani kwenu, ni nani bado analipa 2,500?
2. Kiwango kifuate nini: kodi za soko ama mshahara?