Ukiketi Mbele Yetu: Mafunzo Niliyopata Nikisaili Watu wa Kazi Bel-Air

Kazi yangu ni kusaili watu wanaoomba kazi katika karakana na makampuni madogo yanayohudumia migodi ya Katanga. Chumba cha usaili kiko mtaa wa Bel-Air, komuni ya Kampemba, hapa Lubumbashi, Kongo. Wanaopita mlangoni ni mafundi wa kuchomelea, mafundi umeme, makanika wa pampu, madereva wa malori ya mpakani Kasumbalesa, watunza ghala, na vijana wa uhasibu waliotoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi juzijuzi. Wengi wanaoikosa kazi mbele ya macho yangu wanaiweza kabisa. Hilo linaniuma. Kinachowaangusha ni majibu, na majibu ni kitu ambacho mtu anaweza kujifunza.

Mji wetu una historia yake katika jambo hili. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1928 ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini na wake zao kwa mikataba ya miaka mitatu. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni, akasoma shule ya kampuni, akaingia kazini alikoingia baba yake. Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi migodi hiyo, ikaendeleza desturi hiyo. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, uzalishaji wa shaba ukaanguka, na kuanzia 2003 wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Makampuni yaliyoingia baada ya sheria ya madini ya 2002 hayakumjua baba wa mtu yeyote. Yalikuja na meza, fomu na maswali. Familia zilizojua kazi tangu enzi za babu zikajikuta zinatakiwa kuieleza kazi hiyo kwa mgeni, na hakuna aliyewahi kuzifundisha namna ya kufanya hivyo.

Haya ndiyo niliyojifunza nikiwa upande wa pili wa meza.

1. Tukisema "jieleze", anzia kwenye kazi

Kwetu ni adabu kuanza na ukoo: mimi ni mtoto wa fulani, tulizaliwa saba, baba alikuwa Likasi. Naiheshimu adabu hiyo, lakini muda wetu ni nusu saa, na ukoo ukichukua dakika kumi, ufundi wako unabaki na kidogo. Sema unafanya kazi gani, mara ya mwisho uliifanyia wapi, na nini kimekuleta kwenye nafasi hii. Sentensi nne zinatosha. Tukitaka kujua habari za Likasi tutauliza wenyewe.

2. Tupe siku moja, tuione

Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Tueleze siku ambayo kazi iliharibika mkononi mwako." Wengi hujibu kwa sifa. "Mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi katika hali ngumu." Sikatai, ila sina pa kuyaandika maneno hayo, kwa sababu aliyetoka sasa hivi ameyasema yaleyale, na anayengoja nje atayasema pia.

Siku moja alikuja kijana aliyesomea ufundi Salama, shule ya Wasalesiani. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nadhani mwenzangu wa kushoto alikuwa ameshakata tamaa. Nikamuuliza swali hilo. Akanyamaza kidogo, akasema:

"Pompi ilikuwa inalia mubaya, Mama. Nilizima. Nikagusa sanduku la beringi, moto. Pale njo nilisimama, nikaita chef."

"Kwa nini hukufungua mwenyewe?"

"Umeme ulikuwa haujafungwa kwa kufuli. Mtu mwingine angeweza kuwasha."

"Chef alisemaje?"

"Alikasirika, kazi imesimama. Tulipofungua, beringi imevunjika. Mafuta yake yalikuwa na maji ndani."

Mwenzangu akainua kichwa. Katika majibu hayo mafupi tuliona sikio linalosikia mashine, mkono unaojua pa kugusa, na mtu asiyekimbilia kufungua kitu chenye umeme. Tukaona pia kwamba alifuata hadi akajua chanzo, yaani maji kwenye mafuta. Hakuna cheti kinachotuambia yote hayo.

Kwa hiyo kabla ya kuja, tafuta katika maisha yako siku tatu au nne za namna hiyo: siku ya hitilafu, siku ya ugomvi na mwenzako, siku ulipookoa muda au mali, siku uliposhindwa. Zikumbuke kwa vitu vyake. Mtunza ghala aseme ni boliti zipi zilizopotea na alizipataje. Mhasibu aseme ni hesabu ipi iliyokataa kulingana.

Na useme "mimi". Watu wetu wana heshima ya kusema "tulifanya", maana kujitaja ni kujikweza. Lakini kikosi chote hakiajiriwi leo, unaajiriwa wewe. Sema "tulikuwa wanne, mimi nilishika hiki". Wenzako hujawapunguzia kitu.

Swali hili silo mapenzi yangu tu. Mwaka 1998 wanasaikolojia Frank Schmidt na John Hunter walichapisha uchambuzi wa utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Walionyesha kwamba usaili wenye mpangilio, ambamo kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na majibu kupimwa kwa kipimo kimoja, unabashiri utendaji vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpangilio. Ndiyo maana mbele yako tunaandika, na pengine hatutabasamu sana. Kila mmoja wetu anaweka alama zake kabla hatujasemezana. Ukituona tumeinamia karatasi usivunjike moyo, tunayaandika maneno yako.

3. Miezi bila mkataba si aibu

Hapa ndipo nimeona uchungu mwingi. Swali ni jepesi: "Kati ya mwaka huu na huu ulikuwa wapi?" Mtu anainama, anaanza kubabaika, wengine hata hurefusha tarehe za kazi ya zamani ili kuziba pengo. Tarehe hizo tunazikagua kwa simu moja, na tukikuta zimerefushwa, hata ufundi wa kweli hauwezi tena kumwokoa.

Ndugu yangu, sisi tunaishi mji huuhuu. Tunajua bei za madini zilipoanguka mwishoni mwa 2008 migodi ilifungwa na watu wakarudi nyumbani. Tunajua kampuni ya madini ya KCC ilisimamisha uzalishaji Septemba 2015. Tunajua mgodi wa Mutanda ulifungwa Novemba 2019, na kwamba Februari 2025 serikali ilizuia kobalti isitoke nchini. Ukisema "mgodi ulisimama, mkandarasi wetu akapunguza watu, nami nikiwa mmoja wao", umejibu. Hakuna haja ya kumlaumu mtu wala kujitetea.

Kinachofuata ndicho tunachokisikiliza: ulifanya nini katika miezi hiyo? Fundi mmoja alinijibu, "Sikuwa na kazi, Mama, nilikaa tu." Nikamuuliza alikula nini. Ndipo akaeleza, kwa haya, kwamba alikuwa akitengeneza pampu za visima vya watu hapahapa Bel-Air, kwa sababu maji ya bomba hayafiki kila nyumba. Alikuwa akizitoa kisimani kwa kamba, anasuka upya waya za mota, anazirudisha, na mwenye nyumba akilalamika anarudi bila malipo. Alikuwa na daftari la wateja na tarehe za kila pampu. Daftari hilo, alilolifungia nyumbani, lilikuwa na thamani kubwa kuliko barua mbili za utambulisho alizotuletea.

Kazi ya mtaani ni kazi. Mwanamke aliyeuza unga soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, kwa mtaji wa kukopa na akaurudisha anajua kuhesabu, anajua kukopesha na kudai, anajua mali inayooza na inayokaa. Akiomba kazi ya ghala, hayo ayaseme kwanza.

4. Mkubwa akikuagiza vibaya

Tunalo swali tunalompa kila atakayepanda juu au kushika mashine: "Mkubwa wako anakuambia upande kwenye paa la ghala sasa hivi, na mkanda wa usalama hauonekani. Utafanyaje?"

Wapo wanaosema, "Nitapanda, mkubwa ni mkubwa." Wapo wanaosema, "Siwezi kupanda, ni kinyume cha kanuni," kwa sauti ya mtu aliyekariri bango. Jibu la kwanza linanitisha. La pili ni sahihi, lakini halinionyeshi utakavyolisema mbele ya mzee wa miaka hamsini na tano anayekimbizana na mvua.

Jibu lililotunyamazisha sote watatu lilitoka kwa mchomeleaji aliyekwishaota mvi. Alijibu kana kwamba mkubwa huyo ameketi palepale: "Papa, kazi nitaifanya. Naomba mkanda kwanza. Wakati wanautafuta, mimi nakata vipande hapa chini, vikiwa tayari tutapandisha vyote mara moja."

Ukilichambua utaona amekataa kabisa kupanda bila mkanda, ila mkubwa hakuvunjiwa heshima, kazi haikusimama, na mzee amepata la kumjibu bosi wake. Mahali ambapo umri na cheo vina uzito kama kwetu, huo ni ufundi wa kiwango cha juu. Ukijiandaa kwa usaili wa mgodini, yatamke maneno hayo kwa sauti nyumbani. Kumwambia mkubwa hapana ni kugumu usipowahi kujaribu.

5. Lugha

Usaili huanza kwa Kifaransa, kwa kuwa ripoti zinaandikwa kwa Kifaransa. Lakini kikao cha usalama cha asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, mara nyingi huendeshwa kwa Kiswahili, maana hapo hakuna anayetaka kutoelewana. Ukikwama, sema: "Naomba nieleze kwa Kiswahili." Nimeona watu wawili tofauti katika mwili mmoja, wa kabla na wa baada ya ombi hilo. Msaili anayelikataa kwa nafasi ya ufundi anajinyima fundi. Kiingereza, kama ni cha salamu tu, sema ni cha salamu tu, kwa sababu tutakijaribu.

6. Swali la udhaifu

"Udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi." Tafadhali, acha hilo. Taja kitu kidogo cha kweli na unachokifanya kukirekebisha, kisha nyamaza.

7. Mshahara

Ukiulizwa unataka kiasi gani, usiseme "chochote mtakachonipa". Tunaelewa njaa iliyo nyuma ya maneno hayo, lakini yanatuambia kwamba hujui bei ya kazi yako, na mwajiri mbaya ataitumia nafasi hiyo. Waulize kwanza wanaofanya kazi kama yako. Taja kiasi cha chini na cha juu, kisha uliza kama ni kabla au baada ya makato. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri agharimie pia makazi au posho yake, usafiri, na matibabu yako na ya familia yako. Dola 300 zenye matibabu ya watoto wanne na dola 350 zisizo nayo ni mishahara miwili tofauti kabisa, nawe una haki ya kujua unapewa upi.

8. Maswali tusiyopaswa kuuliza

Wapo wasaili wanaomuuliza mwanamke kama ana mpango wa kuzaa. Sheria hiyohiyo inasema mimba, hali ya ndoa na majukumu ya familia si sababu halali za kumfukuza mtu kazini, basi haifai kuvigeuza sababu za kumzuia asiingie. Ukiulizwa, rudisha mazungumzo kwenye kazi: "Zamu zenu nimezisoma, naziweza." Sikulazimishi ubishane, najua unaitaka kazi. Ninawalaumu walio upande wetu.

Vivyo hivyo kuuliza "kwenu hasa ni wapi?" Wenye kukumbuka namna watu wenye asili ya Kasai walivyofukuzwa kazini na majumbani mwao Katanga mwaka 1992 na 1993 wanajua swali hilo linaweza kuzaa nini. Katika chumba ninachokisimamia haliulizwi, na jina la ukoo halisomwi kwa sauti.

9. "Una swali?"

Ukisema "hapana", umetupa dakika zako mwenyewe. Mama mmoja aliyeomba kutunza ghala alituuliza mali ilihesabiwa lini mara ya mwisho, na kama angeweza kuliona daftari la hesabu kabla ya kusaini kupokea ghala. Tulimletea. Alipekua kurasa chache, akaonyesha kwa kidole mahali ambapo saini ya anayetoa na ya anayepokea zilikuwa za mkono mmoja. Tukaacha kumsaili, tukaanza kumwomba ushauri.

Uliza vifaa vya usalama vinatolewa na nani. Uliza jibu litatoka siku gani, na umpigie nani lisipokuja. Uliza muda wa majaribio: kisheria hauzidi mwezi 1 kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu, wala miezi 6 kwa wengine. Uwe umeandikwa kwenye mkataba, nawe ubaki na nakala yako.